Skrini Haioni Laptopu, Nawe Unaambiwa Uongeze Kasi ya Intaneti

Swali: Fundi, habari ya kazi. Mwezi ujao ofisi yetu inahama kutoka katikati ya jiji kwenda Upper Hill, ghorofa moja nzima, watu 70 hivi, vyumba 6 vya mikutano. Mkurugenzi hataki kuona waya mezani. Anataka mtu aingie chumbani, arushe skrini yake kwenye TV, mkutano uanze. Hapa tulipo jambo hili limetushinda: leo TV inaonekana, kesho haionekani, na wageni ndio kabisa. Anayetuuzia intaneti anasema dawa ni kupanda kutoka Mbps 50 hadi 200. Wafanyakazi wengi wana laptopu za Windows, wakurugenzi wana iPhone na MacBook, wageni huja na chochote. Je, nilipie hizo 200? Na wageni niwaweke wapi bila kuwafungulia faili zetu? Msimamizi wa ofisi, Nairobi.

Jibu:

Dadangu, hizo 200 zisubiri. Huenda ukazihitaji kwa mambo mengine, mikutano ya video kwa mfano, lakini ugonjwa ulionieleza hautibiwi na intaneti. Laptopu ikirusha skrini yake kwenye TV iliyo mita tatu mbele yake, picha haitoki nje ya jengo. Inaondoka kwenye laptopu, inapita kisambazaji cha Wi-Fi kilicho darini, labda na swichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao), inafika kwenye TV. Ukitaka kuhakikisha, mwambie kijana wenu wa kompyuta achomoe waya wa intaneti nyuma ya ruta wakati mtu anarusha slaidi kutoka kwenye laptopu yake, na slaidi zitaendelea kuonekana. Isipokuwa mtu awe anarusha video ya YouTube kwa Chromecast. Hapo simu huwa rimoti tu, na kile kifaa cha TV ndicho huenda chenyewe kuivuta video intanetini.

Picha ya skrini ya 1080p hutumia Mbps chache, na hata ikiwa na video ndani yake ni nadra kupita 20. Waya wa kawaida wa ofisi hubeba 1,000. Bomba linatosha, ila vifaa vyenu havionani.

Fikiria steji ya matatu. Makanga anaita "Ngong Road, Ngong Road!" na abiria aliye pale anasikia, anapanda. Aliye steji nyingine, hata kama nauli anayo mkononi, hasikii kitu. TV na laptopu hutafutana vivyo hivyo. Vifaa vya Apple na vya Google hutumia itifaki, yaani kanuni ya mawasiliano, iitwayo mDNS: simu au laptopu hupaza sauti kwa anwani ya kundi, 224.0.0.251, poti 5353 (poti ni kama namba ya mlango), ikiuliza nani hapa anapokea picha, na TV hujibu kwa jina lake. Mwito huo umeundwa makusudi usivuke ruta. Ukiwa na Wi-Fi ya wafanyakazi na Wi-Fi ya wageni zilizotenganishwa vizuri, hizo ni steji mbili. Na hapo ndipo ninaposhuku "leo inaonekana, kesho haionekani" yenu inatokea: leo mtu ameingia Wi-Fi ya wafanyakazi, kesho simu yake imejishikia ya wageni, naye hajui kwa sababu WhatsApp inaingia kote kote.

Kuna wahalifu wengine watatu wa kuangalia kabla hamjahama, maana mkihama nao mtakuwa mmehamisha tatizo.

Wa kwanza ni kile kipengele cha kuwatenga watumiaji wa Wi-Fi wasionane wao kwa wao, ambacho menyu nyingi hukiita aisolesheni. Kwa wageni ni kizuri sana. Kwa Wi-Fi ya wafanyakazi kinaua urushaji wote papo hapo ikiwa TV nayo iko kwenye Wi-Fi hiyo. Najua kwa sababu nilishawahi kukiwasha mwenyewe Ijumaa jioni katika ofisi moja ya Westlands, nikiamini naimarisha usalama, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu na Jumanne walinipigia simu kila saa, nami nikawa nawaambia wazime TV na kuiwasha. Siku ya tatu nikakumbuka nilichofanya. Sikuwatoza.

Wa pili ni Windows yenyewe. Laptopu ikiunganishwa na Wi-Fi mpya mara nyingi huihesabu kuwa mtandao wa hadharani, kama wa mkahawani, na fayawoli yake, ule ukuta wa ulinzi, hufunga milango. Mtu wenu wa kompyuta aupange mtandao wa ofisi uhesabiwe kuwa wa ndani, kwa laptopu zote, kutoka sehemu moja.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Swichi nyingi za ofisi zina kipengele cha IGMP kinachochunguza nani yumo katika kundi gani, ili miito ya makundi isitapakae ovyo. Kikiwashwa bila kuwepo kifaa kinachouliza mara kwa mara "bado mpo?", swichi huwasahau wanakundi baada ya dakika chache. Mwito wa mDNS kwa kawaida haupaswi kuguswa, lakini ule wa SSDP, wenye anwani 239.255.255.250, ambao baadhi ya TV hutumia kujitangaza, huzimika. Dalili yake ni hii: TV inaonekana ikishawashwa tu, kisha inapotea kwenye orodha bila mtu kuigusa. Ukiona hivyo usikimbilie kununua TV nyingine.

Sasa tuje kwenye ofisi mpya. Kabla ya kununua chochote jua kwamba watu wako wanazungumza lugha tatu. Vifaa vya Apple hurusha kwa AirPlay. Simu nyingi za Android na kivinjari cha Chrome hurusha kwa Google Cast. Windows hurusha kwa Miracast, kiwango kilichotolewa na Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za Wi-Fi, mwaka 2012. iPhone haijui Miracast na haijawahi kuijua. Android nayo ina mambo yake: Google iliiondoa Miracast kwenye Android yake tangu toleo la 6, lakini Samsung na wengine wakaibakiza kwenye simu zao. Kwa hiyo ukinunua kifaa kinachojua lugha moja, nusu ya meza itabaki inatazamana. Nunua kipokezi, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye TV, kinachopokea zote tatu, kiwe cha aina ileile katika vyumba vyote 6, hata kama TV zenyewe zinatofautiana. Mtu akishajifunza katika chumba kimoja asihitaji kujifunza tena katika kingine. TV za kisasa huja na urushaji wake wa ndani, lakini mimi huuzima, kwa sababu kila kampuni huupanga kivyake, na ukiuacha utakuwa na majina mawili kwa skrini moja.

Miracast nitaikalia kidogo, maana Windows ndiyo wengi wenu. Kwa asili yake haipiti kwenye mtandao wa ofisi. Laptopu na kipokezi hufungua njia yao ya moja kwa moja ya Wi-Fi, kama watu wawili wanaonong'ona pembeni. Uzuri wake ni kwamba mgeni hahitaji nenosiri la mtandao wenu. Ubaya wake ni kwamba redio ya laptopu sasa ina kazi mbili, kunong'ona na kipokezi na kuzungumza na mtandao, na mara nyingi kwa chaneli tofauti, hivyo picha hukwama na intaneti huzubaa. Vyumba 6 vikifanya hivyo kwa pamoja, hewa inajaa minong'ono ambayo visambazaji vyako havina mamlaka nayo. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, la mwaka 2017, Microsoft iliongeza njia nyingine: laptopu inakitambua kipokezi kwa redio kama zamani, lakini picha inapita kwenye mtandao wa kawaida. Uliza muuzaji kama kipokezi chake kinaimudu njia hiyo. Ukimpata anayekukodolea macho, nenda duka linalofuata. Na usizime Wi-Fi ya kipokezi kwa kuwa umekichomeka waya, kwani laptopu bado inakitafuta hewani kwanza.

Mpangilio wenyewe ningeuchora hivi. Tengeneza VLAN tatu, yaani mitandao mitatu iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile: ya wafanyakazi, ya wageni, na ya skrini peke yake. Skrini zisikae na faili zenu, kwa sababu ni kompyuta ndogo ambazo hakuna anayekumbuka kuzisasisha, na sitaki iliyoachwa miaka minne bila matengenezo ilale kitanda kimoja na seva ya mishahara. Kisha ruhusu watu wazifikie. Hapa unahitaji kitu kinachobeba mwito wa mDNS kutoka steji moja hadi nyingine. Mifumo mingi ya Wi-Fi ya ofisi inacho tayari kwenye menyu, na kwa mwenye mkono wa Linux, programu iitwayo Avahi hufanya kazi hiyo bure. Lakini usikiruhusu kibebe kila mwito. Kibebe wa AirPlay na wa Google Cast tu, na kutoka VLAN ya skrini tu. Ukikiachia, mgeni atafungua simu yake aone printa zote za ofisi hadi ile ya mhasibu.

Kubeba mwito hakutoshi, maana abiria akishasikia bado lazima barabara iwe wazi. Google Cast huanzia poti 8008 na 8009. AirPlay huanzia 7000 kisha hufungua nyingine za juu zinazobadilika. Miracast ya kupitia mtandaoni hugonga 7250 kwenye kipokezi, halafu hufanya kituko kinachowaliza mafundi wengi: kipokezi ndicho humrudia laptopu, kwa kawaida kwenye poti 7236, kufungua mazungumzo ya picha. Mtu akiandika sheria ya fayawoli ya upande mmoja, laptopu kwenda skrini, basi jina la chumba litaonekana, utalibonyeza, itasema inaunganisha, itaunganisha, itaunganisha, itakata. Fungua skrini kwenda kwa laptopu kwa poti hizo tu, na kila kitu kingine kutoka skrini kwenda kwa wafanyakazi kifungwe.

Sasa waya. Mkurugenzi hataki kuuona mezani, sawa, lakini nyuma ya TV lazima uwepo. Kipokezi kikiwa kwenye Wi-Fi, kila picha inasafiri hewani mara mbili: laptopu hadi kisambazaji, kisha kisambazaji hadi kipokezi. Hewa ni moja, na anayesema ni mmoja kwa wakati. Ukikichomeka kipokezi kwa waya, umeondoa nusu ya mzigo wa chumba kwa bei ya mita kadhaa za Cat6, waya wa mtandao. Hakuna pesa utakayotumia kwenye mradi huu yenye faida kuliko hiyo. Vuta waya mbili hadi kila TV, moja ya leo na moja ya kitu ambacho mkurugenzi atakiona kwa jirani mwaka ujao. Kuvuta mbili kabla dari haijafungwa ni kazi ya mchana mmoja, ila kurudi kuongeza ya pili ni vumbi, ngazi na Jumapili ya mtu. Kutoka kabati la swichi hadi kisambazaji au TV usizidi mita 100.

Na angalia unachouziwa. Mjini kuna Cat6 nyingi ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie. Visambazaji vyako vitapokea umeme kupitia waya huohuo, wati 15.4 kwa kiwango cha zamani na hadi 30 kwa kile kilichofuata, na alumini hupata joto na kupoteza umeme njiani zaidi ya shaba.

Visambazaji usiviweke koridoni kwa sababu fundi amepata pa kusimamisha ngazi. Viweke wanapokaa watu. Umesema ghorofa nzima, nami najua ofisi mpya za Upper Hill zinavyopenda vioo: kioo cha kawaida hakizuii Wi-Fi kama ukuta wa mawe, kwa hiyo kila chumba kitasikia cha jirani. Punguza nguvu ya kila kisambazaji badala ya kuipandisha. Watu hudhani kelele zaidi ni mawasiliano zaidi. Kwenye 2.4 GHz una chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, nazo majirani wa juu na chini wameshazijaza, basi waachie printa na vitu vya zamani. Mikutano iwe 5 GHz, na upana wa chaneli uwe MHz 20 au 40, usiwe 80, ili vyumba 6 vipate vya kugawana.

Chaneli 52 hadi 144 za 5 GHz zina sharti: zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Kisambazaji lazima kisikilize angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kuzitumia, na kikihisi rada lazima kihame mara moja. Kikihama katikati ya uwasilishaji, skrini inaganda na watu wanamtazama fundi. Mimi huanza na 36 hadi 48 kwa vyumba vya mikutano, kisha nazitazama zile nyingine kwa wiki mbili kwenye kumbukumbu za mfumo. Kama hazijahamahama, nazigawa kwa vyumba vilivyobaki. Weka nchi kuwa Kenya kwenye mipangilio, usikubali fundi aweke Marekani eti "inapata nguvu zaidi". Vifaa vyenyewe viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Stima nayo. Jengo litakuwa na jenereta, lakini kati ya stima kupotea na jenereta kushika kuna sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuzima kila kitu. Vikirudi vyote kwa pamoja, kipokezi mara nyingi huamka kabla ya ruta, kinaomba anwani, hakuna wa kukipa, kinajipa yake inayoanza na 169.254, na hapo kinakuwa kama mtu aliyehama bila kuacha namba ya simu. Weka ruta, swichi na kabati lote kwenye UPS, ile betri ya akiba. Swichi ikiwa ndiyo inayolisha visambazaji umeme, navyo vitabaki hai. Kila kipokezi kitengewe anwani yake ya kudumu kwenye ruta, msianze kuibahatisha.

Wageni sasa. Ninavyoona mimi, mgeni aingie Wi-Fi ya wageni yenye aisolesheni, aione VLAN ya skrini na intaneti, basi. Faili zenu hazimo njiani kabisa. Lakini usiishie hapo. Skrini zikionekana na wote, mtu wa chumba cha tatu atarusha kwenye cha nne bila kujua. Nilikuwa kwenye kikao kimoja, ofisi siitaji, wakati jedwali la mishahara lilipojitokeza ukutani mbele ya wasambazaji waliokuja kujadili bei ya karatasi. Aliyelirusha alikuwa chumba cha pili, anashangaa kwa nini kwake hakuonyeshi kitu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, jambo la namna hiyo si la kucheka tu na kusahau. Kwa hiyo washa PIN inayotokea kwenye skrini yenyewe, ibadilike kila mara, ili anayerusha lazima awe anaitazama TV hiyo kwa macho yake. Na vipokezi vipe majina ya watu, si yale ya kiwandani yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Vyumba vikiwa Tana, Athi, Mara, Nzoia, Yala na Turkwel, skrini ziitwe hivyohivyo, na jina liandikwe mlangoni.

Kwa wageni ambao laptopu zao zimefungwa na ofisi zao, wakaguzi hasa, kuna vifaa vya kitufe cha USB kama vya kampuni ya Barco: mgeni anachomeka kitufe, anabonyeza, picha inatoka, bila kuingia mtandao wenu. Ni ghali, na vitufe huondoka mifukoni mwa watu wema kabisa. Weka kimoja kwenye chumba kikubwa, kifunge na kitu kizito.

Hapa nitamkaidi mkurugenzi wako kidogo. Weka waya mmoja wa HDMI na mmoja wa USB-C katika kila meza, chini ya kifuniko, usionekane. Mgeni aliyesafiri kutoka Kisumu kuwasilisha zabuni kwa dakika 20 hatakiwi kutumia 10 akitafuta PIN.

Mwisho ni siku ya kupokea kazi, kabla hujasaini hundi. Chukua laptopu ya Windows, iPhone na simu ya Android kwa kila chumba, watu 6 warushe kwa wakati mmoja kwa dakika 15, wengine wakiwa na simu za video. Kisha mgeni halisi, mtu asiyejua ofisi yenu, aingie Wi-Fi ya wageni na kurusha, halafu ajaribu kuifungua seva ya faili, asiifikie. Kisha omba mtu wa jengo akate stima ya ghorofa yenu na kuirudisha baada ya dakika moja, usubiri dakika tano, urudie vyumba vyote. Mkandarasi atakuambia hilo la stima si la lazima. Hundi ikae kwenye droo mpaka alifanye.